Jack Foley Hakupaswa Kukubaliwa

Dakika za mwisho za Circle of Friends, filamu ya mwaka 1995, ndizo zilizoiharibu. Sisemi kwamba zimepwaya kidogo. Nasema kuna uamuzi mmoja, uliomo katika mswada wa Andrew Davies na uliosimamiwa kamerani na Pat O'Connor, wa kumrudisha Jack Foley mikononi mwa Benny Hogan. Katika riwaya ya Maeve Binchy ya mwaka 1990 Jack anarudi vilevile, na uso uleule mzuri, lakini anakuta Benny hana tena haja naye. Waliobadilisha hapo walidhani wanaongeza utamu, kumbe waliondoa kile kilichozifanya kurasa zote zilizotangulia ziwe tamu.

Itazameni tena sehemu hiyo. Nan Mahon, rafiki aliyemchukua Jack kutoka kwa Benny, hayupo tena, uongo wake kwamba mimba yake ni ya Jack umefichuka, na Jack anakuja kuomba radhi. Benny hamkubali mara moja. Hadi hapo mambo ni mazuri. Minnie Driver, katika nafasi ya Benny, anamsikiliza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia. Kisha mswada unaanza kumlainisha. Muda unakatwa, hasira inayeyuka bila sisi kuiona ikiyeyuka, na tunawakuta wawili hao kwenye nyumba ndogo ya Eve, rafiki wa Benny, sauti ya Benny ikitusimulia kana kwamba amepiga magoti kitubioni. Tunatakiwa kufurahi. Msichana mnene wa kijijini amempata mchezaji wa raga ambaye chuo kizima kilikuwa kikimtazama, na hadithi imekwisha.

Utetezi wa uamuzi huo naujua, na hauna uzito. Unasema kwamba Benny wa kwenye filamu ndiye anayeamua, kwamba anamrudisha Jack kwa masharti yake mwenyewe na kwamba kwenda kwenye nyumba ile ni hiari yake. Sawa. Lakini nani aliuliza swali hilo? Riwaya haikuwahi kuuliza kama Benny atampata mwanamume. Tangu sherehe yake ya kutimiza miaka kumi, mwaka 1949, alipotamani gauni la waridi akaletewa nguo za kumfaa mtoto mwenye mwili mkubwa, inauliza kama ataweza kuishi bila kusubiri kupewa anachokitamani. Jack ni gauni lile kwa umbo jingine. Ukimkabidhi mwishoni, umemwambia Benny kwamba alikuwa na haki ya kusubiri.

Na hapa ndipo ufundi wa Binchy unapopita macho ya watu wengi, kwa sababu ameuficha kwenye vitu vya kawaida mno. Tazama basi. Benny anasoma Dublin lakini wazazi wake hawamruhusu kulala huko. Kila jioni lazima apande basi la kurudi kijijini kwao, Knockglen. Mwandishi wa kawaida angelitumia basi hilo kwa mandhari, mvua dirishani na mawazo ya mapenzi. Binchy anampangia nalo saa. Jioni zote ambazo Benny yuko barabarani, Jack yuko mjini bila mwenza. Baba yake Benny anapofariki, saa zinapungua zaidi, kwa kuwa duka la familia linahitaji mtu na mama ameduwaa kwa msiba. Nan anaingia kwenye saa hizo tupu. Hakuna bahati mbaya wala majaaliwa katika usaliti ule. Umetengenezwa na ratiba ya basi na duka la nguo za kiume, na msomaji aliyewahi kuacha jambo lake mwenyewe kwa sababu nyumbani kuna kazi anauamini bila kushawishiwa.

Halafu saa zilezile zilizompotezea Jack ndizo zinazomjenga. Akiwa dukani, Benny anaanza kutazama daftari. Mauzo ni haya, fedha zilizokwenda benki ni hizi. Kwa nini hazilingani? Sean Walsh, yule msaidizi mnyenyekevu kupita kiasi aliyekuwa akiumezea mate ubia wa duka na mkono wa binti wa mwenye duka, anakamatwa na hesabu. Wakati huohuo Annabel, mama ambaye kwa miaka yote hiyo tulimjua kama mtu wa kukaa nyumbani, anaanza kushinda dukani na kugundua kwamba kazi ile anaiweza. Kijiji kinasogea kusaidia: Peggy Pine anatoa uzoefu wake wa biashara, na mpwa wake Clodagh analeta mitindo mipya. Kurasa hizi ndizo zenye joto ambalo watu hulitafuta kwa Binchy. Ni joto la mtu kugundua kwamba ana uwezo, tena mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni. Jack anaporudi, Benny ameshapata kitu kikubwa kuliko yeye. Kumkataa hakuhitaji ushujaa wowote, na hapo ndipo ustadi ulipo.

Filamu inaliona duka kama kikwazo tu, mahali panapomzuia msichana asiende Dublin kwa mpenzi wake. Sean wa Alan Cumming anaogofya kweli, lakini amegeuzwa kuwa fisadi wa tamaa za mwili, anayemvamia Benny kwa nguvu. Wizi umebaki kithibitisho cha ubaya wake. Ukishaitoa kazi kwenye hadithi kiasi hicho, bila shaka utamhitaji Jack mwishoni. Hakuna kingine kilichobaki cha kumpa Benny. Kosa la mwisho lilianza kutengenezwa mapema, kila mara kalamu ya Davies ilipochoka kukaa dukani.

Tukumbuke pia ni Ireland ipi hiyo. Hadithi inafika chuoni mwaka 1957, University College Dublin, wakati huo ikiwa Earlsfort Terrace. Kanuni iliyowalazimu wanawake kuacha kazi za serikali wanapoolewa iliondolewa mwaka 1973 tu. Binchy alisoma chuo hichohicho, akafundisha shule, na mwaka 1968 akawa mhariri wa ukurasa wa wanawake wa The Irish Times. Alijua kwamba kwa msichana wa wakati ule arusi mara nyingi ndiyo ilikuwa barua ya kuacha kazi. Anapomwacha Benny na mama mwenye duka, marafiki wa kweli na masomo ambayo hayajakwisha, mwanamume akiwa nje ya hesabu, anatoa hukumu nzito kwa sauti ya chini. Filamu ilitoka mwaka uleule ambao Ireland ilipiga kura ya kuruhusu talaka. Watazamaji wa mwaka 1995 hawakuwa watoto wa kubembelezwa.

Na msiniambie kwamba filamu haiwezi kubeba mwisho wa kukataa. Mwaka 1949 William Wyler alitengeneza The Heiress kutokana na Washington Square ya Henry James. Catherine Sloper anamwacha Morris, mchumba aliyewahi kumtoroka, agonge mlango uliokomewa, anachukua taa, anapanda ngazi. Olivia de Havilland alipata Oscar kwa kazi ile, na mpaka leo sijaona mkweo wa ngazi uliosema mengi kuliko ule. Wyler alikuwa na studio kubwa ya Hollywood na nyota mzuri wa kiume, Montgomery Clift, ambaye kila mtazamaji alitaka asamehewe. Hakusamehewa.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa O'Connor mwenyewe. Mwaka 1982 aliongoza The Ballroom of Romance, kutoka hadithi ya William Trevor, na Brenda Fricker akiwa Bridie, mwanamke wa shambani anayekwenda kwenye ukumbi wa dansi kila Jumamosi huku akizeeka. Bridie anatambua kwamba ukumbi ule umekwisha kwake na kwamba yawezekana ataishia kuolewa na Bowser Egan, mlevi, mama yake Bowser atakapokufa. Hakuna hotuba. Kuna uso wa Fricker na baiskeli. Mtu aliyeweza kumaliza hivyo miaka kumi na mitatu kabla alijua kabisa kwamba mtazamaji hupenda kuaminiwa. Sijui kitu kingine katika kazi yake kinachofikia saa ile moja ya televisheni, na Circle of Friends ilikuwa nafasi yake ya kukifikia.

Wala simlaumu Davies kwa kugusa mwisho wa kitabu. Tamthilia ya televisheni House of Cards ya mwaka 1990 aliibadili kuliko hii: katika riwaya ya Michael Dobbs, mwanasiasa Urquhart ndiye anayekufa, na Davies akamfanya amtupe mwandishi wa habari Mattie Storin kutoka juu ya jengo. Alikuwa sahihi, kwa sababu tabia ya Urquhart ilikuwa ikielekea huko tangu alipoanza kuzungumza na kamera. Mabadiliko yale yalisukumwa na mhusika. Haya ya Benny yamesukumwa na bango la matangazo.

Kuhusu bango, nasema hivi: kumchukua nyota wa Marekani na kumpa lafudhi ya Dublin ni kukiuza kitabu kabla ya kukisoma. Chris O'Donnell, aliyemwigiza Jack, alikuwa kijana mzuri na hana kosa, lakini ukishamlipa mtu wa aina hiyo huwezi kumwacha mlangoni. Jina lake linaanza kuandika mswada. Minnie Driver ni bora, Inistioge ya Kilkenny inaifaa Knockglen, na Saffron Burrows ana ubaridi unaomfaa Nan.

Ugonjwa huu haukuisha mwaka 1995. Brooklyn ya Colm Tóibín, riwaya ya mwaka 2009, inamwacha Eilis Lacey safarini, akiondoka Enniscorthy, moyo ukiwa sehemu mbili. Filamu ya mwaka 2015 ikamfikisha hadi kwa mumewe Tony, wakumbatiane juani. Imetengenezwa kwa mkono mwangalifu kuliko Circle of Friends, na Saoirse Ronan, katika nafasi ya Eilis, anastahili sifa zote alizopewa, lakini ni hofu ileile ya kumwacha mwanamke peke yake kwenye fremu ya mwisho.

Sehemu ya lawama ni ya wahakiki. Kwa miaka mingi riwaya pendwa za Ireland zimepuuzwa kama vitabu vya kusomea ufukweni, kama wahakiki wa Kiswahili walivyowapuuza waandishi wetu wa riwaya pendwa, na kitabu kinachodharauliwa hakilindwi na mtu kinapofika kwenye meza ya mswada. Ni nani angejali? Ni Binchy tu, ni mapenzi tu. Watu hao hawakusoma Scarlet Feather ya mwaka 2000, ambamo Tom Feather na Cathy Scarlet wanaanzisha kampuni ya upishi na mwaka mzima unapimwa kwa vyungu, mikopo na wateja, wakati ndoa ya Cathy inafifia pembeni. Hawakusoma Tara Road ya mwaka 1998, ambamo Ria Lynch, aliyeachwa na mumewe kwa msichana mjamzito, anajiokoa kwa mapishi yake. Binchy aliwahi kueleza kwamba bata wake wabaya hawageuki kuwa bata maji wazuri; wanakuwa bata wanaojiamini. Filamu ilimtaka awe bata maji.

Ilikuwa rahisi kuokoa. Mwacheni Jack aje kwenye nyumba ya Eve usiku wa sherehe, kama alivyokuja kitabuni. Mwacheni aseme yake. Driver angeweza kumjibu kwa upole uleule ambao angemjibu mteja aliyekuja kuulizia koti lililokwisha kuuzwa, kisha akageuka kwa wenzake na kuuliza nani hajala. Hilo halihitaji mswada mrefu. Lilihitaji tu duka lipewe robo saa zaidi katikati ya filamu, na robo saa hiyo ingepatikana kwa kupunguza mabusu ya mtoni.