Lenzi Bandia ya Jicho: Tunauliza Bei Kabla ya Kuuliza Namba

Msomaji, tuseme bibi yako anaishi Mamba, kule Mpimbwe mkoani Katavi. Jicho la kulia limeziba kwa mtoto wa jicho, la kushoto linafuata. Mmemleta hadi Mpanda, safari ya kukatiza Hifadhi ya Katavi na kutokea Sitalike, na daktari wa macho amesema upasuaji unawezekana. Jioni familia inakaa, na swali la kwanza ni hili: tumwekee lenzi ya kawaida au ile ya gharama?

Maelezo mengi ya afya ya macho ninayokutana nayo kwa Kiswahili yanalijibu swali hilo kama muuza simu. Kuna ya kawaida, kuna nzuri zaidi, kuna ya kisasa kabisa, basi panda kadiri ya mfuko wako. Mwishoni unaahidiwa kwamba mgonjwa ataona kama zamani. Tuyape haki yake: yanawaambia watu kwamba mtoto wa jicho haponi kwa dawa ya matone wala mitishamba, dawa yake ni upasuaji. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kwenye lenzi yanaanza na swali la pili, la kwanza yanaliruka.

Hebu tuone kinachofanyika. Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili. Ikipata ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Daktari anaitoa, anaacha kifuko chake chembamba, na humo anaweka lenzi ya plastiki. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Harold Ridley, London, mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki kutoka kwenye madirisha ya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe mkali. Lenzi ya ujanani hubadili umbo ili uone mbali na karibu. Ya plastiki ya kawaida haibadiliki, inalenga umbali mmoja tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: umbali gani? Kwa kawaida daktari analenga mbali. Bibi ataona ng'ombe wakirudi na atamtambua mgeni angali njiani. Lakini Mamba ni bonde la mpunga. Akishika ungo achambue mchele, vijiwe havioni mpaka avae miwani ya kusomea. Hapo nyumbani wataanza kusema operesheni imeshindwa. Haijashindwa, ila hakuna aliyemwambia. Angeweza pia kulengewa karibu, kama sentimita 40, halafu miwani akavaa ya mbali. Au jicho moja lilengewe mbali na jingine karibu, ingawa si kila mtu anaizoea hali hiyo. Uamuzi huu hauongezi bei ya lenzi, kwani ni ileile, kinachobadilika ni namba.

Namba hiyo inatokana na vipimo viwili: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na mkunjo wa konea. Kanuni ya zamani iitwayo SRK inatosha kuelewa: chukua namba ya aina ya lenzi, tuseme 118, toa urefu mara 2.5, toa mkunjo mara 0.9. Jicho la milimita 23.5 lenye mkunjo wa 43.5 linahitaji lenzi ya dayopta 20 hivi. Likiwa fupi kwa milimita 1 tu, linahitaji karibu 22.6. Siku hizi kuna kanuni bora zaidi, ila somo ni lilelile. Mpimaji akikandamiza jicho kwa kifaa cha altrasaundi, jicho linaonekana fupi kuliko lilivyo, bibi anapewa lenzi kali mno, na mbali anaona ukungu. Na mahali ambapo vipimo havifanyiki, wote wanawekewa namba moja ya wastani. Hapo hata lenzi ya bei mbaya haikuokoi.

Na ile ya gharama? Lenzi ya maltifokali inagawanya mwanga ili mtu aone mbali na karibu. Kwa wengine inafaa sana. Lakini usiku taa zinaweza kuonekana na duara za mwanga, na vitu vyenye rangi zinazokaribiana vinatofautishwa kwa shida zaidi. Mwenye presha ya macho iliyokwisha kuharibu mshipa, au kovu kwenye retina, kwa kawaida hashauriwi kuwekewa. Kupanda bei si lazima kuwe kupanda ubora kwa jicho lako.

Wala nafuu si takataka. Aurolab ya India ilianza mwaka 1992, na kiwanda cha Asmara, Eritrea, kikafuata mwaka 1994 kwa msaada wa wakfu wa Fred Hollows. Viwanda vya namna hii ndivyo vilivyoshusha bei ya lenzi hadi dola chache.

Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha wagonjwa 108: nusu kwa mashine ya kisasa ya kuyeyusha lenzi, nusu kwa upasuaji wa mkono wa tundu dogo. Baada ya miezi 6, asilimia 98 ya kila kundi waliona 6/18 au zaidi wakisahihishiwa kwa miwani. Bila miwani walikuwa 85 kwa mashine na 89 kwa mkono. Pengo hilo la mwisho linazibwa na miwani.

Kuna jambo moja ambalo mashine ilishinda: ukungu wa kifuko cha nyuma ulikuwa mchache. Huu ndio watu wanaouita mtoto wa jicho kurudi. Mtoto wa jicho harudi, ila kifuko kinaweza kupata ukungu, na kukisafisha kunahitaji leza. Lenzi yenye ukingo wa pembe kali hupunguza tatizo hilo, na zipo za bei nafuu zenye ukingo huo. Kwa mtu wa Mamba, ambaye kila kurudi hospitali ni nauli na siku kadhaa, ukingo unastahili kuulizwa.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa WHO zilikubaliana kwamba kufikia 2030 upasuaji wa mtoto wa jicho uhesabiwe kwa matokeo, yaani mtu aone 6/12 au zaidi, si kwa idadi ya waliopasuliwa tu. Waandishi wa elimu ya afya, nasi tukiwemo, tufuate mkondo huo.

Basi kabla ya kuuliza bei, muulizeni daktari: jicho la bibi limepimwa? Mnalenga mbali au karibu? Ukingo wa lenzi ukoje? Miwani atapimiwa lini, na wapi? Na kabla ya yote, mwambieni kwamba bibi ndiye anayechambua mchele wa nyumba nzima.