Costa Rica Ilivyoipata Intel

Novemba 1996 kampuni ya Intel ilitangaza kwamba kiwanda chake kipya cha kuunganisha na kupima vichakataji vya kompyuta, chenye thamani ya dola milioni 300, kitajengwa Costa Rica. Nchi hiyo ilikuwa na watu wapatao milioni 3.5 tu. Waliobaki nayo mwishoni mwa mchujo walikuwa Brazili, Chile na Meksiko, na kwa ukubwa wa soko isingefua dafu mbele ya yeyote kati yao.

Aliyeifuata Intel ni CINDE, taasisi ya kuvutia uwekezaji iliyoanzishwa 1982 kwa msaada wa Marekani. Mapema miaka ya 1990 ilikwishaona kuwa viwanda vya nguo vitahamia penye mishahara midogo zaidi, ikaelekeza nguvu zake kwenye elektroniki. Uamuzi huo haupewi uzito unaostahili. Ofisi nyingi za uwekezaji humpungia mkono kila apitaye. CINDE ilichagua sekta, ikaisoma, ikabisha hodi Intel wakati Costa Rica haimo hata kwenye orodha ya nchi zinazofikiriwa.

Wataalamu wa Intel walipofika walikuwa na maswali yasiyojibika kwa hotuba. Umeme utatosha, na kwa bei gani? Ndege za mizigo na abiria ni za kutosha? Mafundi watatoka wapi? Rais José María Figueres aliingia mwenyewe kwenye mazungumzo, kwa hiyo swali lililoulizwa halikuzungushwa kutoka wizara moja hadi nyingine.

Shirika la umeme lilipanga bei nafuu kwa watumiaji wakubwa. Serikali ikakubali kufungua milango zaidi kwa mashirika ya ndege ya kigeni.

Suala la mafundi ndilo lililohitaji kazi kubwa. Costa Rica ilikuwa imefuta jeshi lake 1948 na kwa miongo kadhaa ikawekeza sana katika shule, lakini wahitimu wa ufundi walikuwa wachache kuliko kiwanda kilivyotaka. Wizara ya elimu, Taasisi ya Teknolojia ya Costa Rica na Intel walikaa pamoja, wakapitia mitaala, wakaanzisha cheti cha mwaka mmoja kwa wanaomaliza sekondari za ufundi. Mafunzo ya Kiingereza nayo yakaongezwa. Kijana aliyepata cheti hicho aliweza kukipeleka kwa mwajiri yeyote.

Na kodi? Sheria ya maeneo huru ilikwisha kuwapo: msamaha kamili wa kodi ya mapato kwa miaka 8, kisha nusu kwa miaka 4. Serikali ilishikilia kwamba nafuu yoyote itakayoongezwa itawafaa wawekezaji wote wa maeneo hayo. Msimamo huo ulihitaji ujasiri, maana mgeni mwenye dola milioni 300 ni vigumu kumwambia hapana.

Uzalishaji ulianza 1998 huko Belén, jimbo la Heredia, karibu na uwanja mkuu wa ndege. Mwaka 1999 Intel peke yake ilichangia zaidi ya theluthi moja ya bidhaa zilizouzwa nje. Dosari ilikuwapo: kiwanda kilinunua vitu vichache mno kwa wazalishaji wa ndani, na misamaha iliiacha hazina na pato dogo.

Kisha, 2014, Intel ikatangaza kuhamishia kazi hiyo Asia. Watu wapatao 1,500 wakapoteza ajira, ingawa kituo cha uhandisi kilibaki. Ikarudisha uunganishaji mwanzoni mwa muongo huu, na Julai 2025 ikatangaza kuuhamisha tena. Nchi haikuanguka. Kampuni za vifaa tiba, Abbott na Boston Scientific, zilikuwa zimeshajenga hapo, na leo vifaa hivyo ndivyo vinavyoongoza katika mauzo ya nje.

Halmashauri au kaunti inayopima viwanja vya viwanda sasa hivi inaweza kumwita meneja wa umeme, mkuu wa chuo cha ufundi na ofisa ardhi wakae meza moja, wajibu maswali kama yale ya Intel kwa maandishi, kabla mwekezaji yeyote hajapiga simu.