Mtalii wa Kwanza wa Kinanira

Msomaji wa riwaya ya Petit Pays akifika Bujumbura, hutamani kuoneshwa Kinanira, mtaa wa mhusika mkuu, Gabriel. Tamaa hiyo inaeleweka. Mwandishi wake, Gaël Faye, alizaliwa mjini humu mwaka 1982 na kuhamia Ufaransa mwaka 1995. Lakini riwaya yenyewe, iliyotoka mwaka 2016, inaikosoa ziara ya namna hiyo.

Mwishoni mwa kitabu, Gabriel anarudi akiwa mtu mzima. Njia aliyochezea utotoni ipo palepale, ila miti mikubwa imekatwa na kuta zimechukua nafasi ya nyua za maua. Basi mtalii wa kwanza wa Kinanira ni Gabriel mwenyewe, na mtaa haumrudishii utoto uliokatizwa na vita vilivyoanza mwaka 1993. Anachokipata ni mtu: mama yake, aliyevunjwa moyo na akili na mambo aliyoyaona Rwanda mwaka 1994, ameketi katika giza la kilabu cha pombe.

Filamu ya Éric Barbier ya mwaka 2020 ilipigwa Rwanda, si hapa, na hadithi ikaeleweka. Mahali paliweza kubadilishwa, mama hakuweza.

Kwa hiyo, mgeni akituuliza njia ya Kinanira, tumwoneshe. Kisha tumkalishe na wazee wetu wanaoikumbuka miaka ile, awasikilize. Picha ya ukuta haitamweleza lolote ambalo Gabriel hakulikosa kabla yake.