Msimbo 81408: Dai Lisilotaja Jeni

Hadi mwisho wa mwaka 2012, maabara iliyopima vinasaba nchini Marekani ilidai malipo kwa kila hatua ya kazi. Kuchuja DNA kutoka kwenye damu kulikuwa na msimbo wake, 83891. Kuzidisha kipande kinachotafutwa, 83898. Kukikata kwa kimeng'enya, 83892. Kutenganisha vipande kwenye jeli, 83894. Kutafsiri majibu na kuandika ripoti, 83912. Karani wa madai aliipanga yote mstari baada ya mstari, akaituma bima. Kipimo cha Factor V Leiden, hitilafu ya kurithi inayofanya damu igande upesi mishipani, kiliweza kudaiwa kwa rundo lilelile la misimbo lililotumika kupima jeni ya HFE, inayohusika na chuma kuzidi mwilini. Mlipaji alijua kwamba DNA imekatwa na kutenganishwa. Ya jeni gani? Dai halikusema.

Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA, ambacho ndicho kinachotunga misimbo hiyo, kiliamua kuivunja mirundo na kuipa jeni jina. Factor V Leiden ikapewa 81241 peke yake, HFE ikapewa 81256. Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ilianza kuitumia misimbo mipya Januari 1, 2013. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya tabu, kwa kuwa bei zilikuwa bado hazijapangwa na baadhi ya maabara zilikaa bila malipo. Lakini mageuzi yenyewe yalikuwa ya haki: msimbo mmoja, jeni moja, bei moja.

Tatizo likabaki kwenye magonjwa adimu. Jeni ni nyingi mno, na nyingine hupimwa kwa nadra sana hata msimbo wa peke yake usingekuwa na maana. AMA ikaziweka katika ngazi tisa, 81400 hadi 81408, kulingana na ukubwa wa kazi. Ngazi ya juu kabisa, 81408, ni kusoma mpangilio mzima wa jeni kubwa yenye eksoni, yaani sehemu zinazobeba maelekezo ya jeni, zaidi ya 50. Humo zimo DMD ya ugonjwa wa misuli wa Duchenne, FBN1 ya Marfan, NF1, ATM na nyingine kadhaa. Medicare iliulipia msimbo huo dola 2,000.

Hapo ndipo ule upofu wa zamani uliporudi. Msimbo 81408 unasema kazi ilikuwa kubwa, ila hausemi imefanywa kwenye jeni ipi. Maabara ikiuandika peke yake, mhakiki hana namna ya kutofautisha Duchenne na Marfan. Na magonjwa mengi ya ngazi hiyo hujitokeza utotoni au ujanani. Mtu wa miaka 78 anayepimwa Duchenne kwa mara ya kwanza ni habari ya kushangaza, lakini kompyuta ya madai haishangai. Hukagua kama namba ya daktari ni halali, kama msimbo wa ugonjwa upo, kama tarehe zinalingana. Vyote vikiwepo, hela inatoka.

Jinsi mwanya huo ulivyoweza kutumika inaonekana kwenye vipimo vya saratani za kurithi. Mashine za kisasa husoma jeni kadhaa kwa mpigo mmoja, na kazi hiyo ina msimbo wake wa paneli, 81432, ambao Medicare huulipa chini ya dola 1,000. ATM ni mojawapo ya jeni zinazoingia katika paneli za namna hiyo. Karani akiitoa ATM kwenye paneli na kuiandika kama kipimo kinachojitegemea chini ya 81408, dola 2,000 zinapatikana kwa mate yaleyale, mashine ileile na saa zilezile za kazi. Kanuni za Medicare zinakataza kuvunja paneli vipandevipande, lakini ili ukatazo ufanye kazi, mlipaji lazima kwanza ajue kwamba palikuwa na paneli.

Mate yenyewe yalipatikanaje? Mawakala waliwapigia wazee simu au kuwafuata kwenye maonyesho ya afya, wakawaambia kipimo cha saratani ni bure. Kijiti chenye pamba kikapitishwa ndani ya shavu. Daktari wa tiba mtandao, ambaye mara nyingi hakuwahi kumtibu mgonjwa huyo, akasaini agizo. Wakala akalipwa mlungula na maabara, maabara ikalipwa na Medicare. Neno "bure" halikuwa uongo mtupu: chini ya Medicare, mgonjwa hachangii gharama za vipimo vya maabara. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiungo kilichoulinda mtandao huu wa mawakala, madaktari na maabara kwa muda mrefu kuliko kingine chochote. Mgonjwa hapati bili, basi hana cha kulalamikia, na baadhi yao hata majibu hawakuletewa.

Septemba 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 35 katika operesheni iliyoitwa Double Helix, ikihusisha madai ya vipimo vya saratani ya kurithi yanayozidi dola bilioni 2.1. Mwaka 2023 mmiliki wa maabara moja ya Georgia alihukumiwa kifungo cha miaka 27. Maabara yake ilikuwa imedai zaidi ya dola milioni 463. Mwaka huohuo, mkaguzi mkuu wa wizara ya afya alitoa ripoti kuhusu 81408 peke yake. Kwa miaka minne, 2018 hadi 2021, alikuta malipo yanayofikia dola milioni 888.2 ambayo huenda hayakustahili.

Dawa ilikuwepo tangu 2011. Mkandarasi wa Medicare aitwaye Palmetto GBA alianzisha mpango wa MolDX, ambao unaitaka maabara iandikishe kila kipimo, ieleze jeni inazosoma, kisha ipewe namba maalumu ya kuambatanisha na dai. Kwa namba hiyo 81408 hupata jina la jeni. Ila mpango huo haukutumika nchi nzima, na dai la maabara hushughulikiwa na mkandarasi wa eneo kipimo kilipofanyikia, si wa eneo anakoishi mgonjwa. Mzee angeweza kuishi kwenye jimbo lenye ulinzi, mate yake yakasafirishwa hadi jimbo lisilo nao. Kuuacha mpango huo uwe wa majimbo badala ya kuufanya wa taifa lilikuwa kosa la Medicare yenyewe, wala haifai kuwatupia matapeli lawama zote.

Kama una mzazi au ndugu anayeishi Marekani na ana kadi ya Medicare, mwombe akuonyeshe taarifa ya malipo anayoletewa kwa posta. Misimbo huandikwa kwenye mabano pembeni ya jina la huduma. Ukikuta 81408 na hakuna daktari wake aliyewahi kumzungumzia ugonjwa wa kurithi, piga simu Medicare siku hiyohiyo.