Sanduku Lisilokuwapo: Juu ya Sauti ya Gitaa la Besi

Tulipokuwa Gisenyi, wilayani Rubavu, tulialikwa jioni moja kusikiliza bendi ya vijana katika ukumbi ulio karibu na Ziwa Kivu. Mwimbaji alisikika vizuri, magitaa yalijibizana kwa adabu, ngoma zilishika mahali pake. Gitaa la besi peke yake ndilo lililotushinda. Tuliwaona vidole vya mpigaji vikitembea, wala havikukosea, lakini kilichotufikia kilikuwa mngurumo mmoja mrefu, kama maneno yanayosemwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Jambo hili halikuwa dogo kwa kijana yule. Wakati wa mapumziko alitueleza kwamba kiongozi wa bendi amekwisha kumwonya: mambo yasipobadilika, besi itapigwa kwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Akasema, “Mwalimu, sauti iko na matope, na mimi sioni inatoka wapi.” Mwenzetu mmoja alitaka kumsahihisha ile “iko na”, tukamzuia. Ndicho Kiswahili cha mpakani, kilichovuka kutoka Goma na kurudi pamoja na biashara na muziki wa dansi tangu zamani, kabla ya sheria ya mwaka 2017 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Rwanda. Isitoshe, “matope” ni neno la mhakiki hasa.

Matope yale yalitoka miguuni pake. Pale palikuwa na pedali, yaani kisanduku cha kukanyaga ambacho huikuza na kuitengeneza sauti ya gitaa kabla haijafika penginepo. Ndani yake mlikuwa pia na uigaji wa sanduku la spika. Kutoka hapo waya ulikwenda kwenye kikuza sauti chenye sanduku la spika la kweli. Sauti, basi, ilipitishwa katika masanduku mawili: kwanza lile lisilokuwapo, kisha lile lililokuwapo.

Yafaa tueleze. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Lakini sikio halitambui noti kwa mtetemo huo wa chini peke yake. Huitambua zaidi kwa mitetemo ya juu inayoandamana nao. Sanduku la spika za besi la mtindo wa zamani hupunguza sana mitetemo inayopita kiasi cha 5,000 kwa sekunde, na kwa hiyo huondoa mkwaruzo wa kucha na mlio wa chuma. Ukiondoa mara moja, sauti hupata unene na upole. Ukiondoa mara mbili, na huku umeongeza uzito wa chini mara mbili, hubaki matope.

Hatusemi kwamba chombo chenyewe ni kibaya. Ampeg SVT, iliyotoka Marekani mwaka 1969, ilikuwa na wati 300 na ilipigwa kwa masanduku yenye spika nane za inchi kumi. Ni nani atakayepandisha mzigo kama huo katika vilima vya Rubavu? Mwaka 1992 kampuni ya Tech 21 ilitoa SansAmp Bass Driver, kisanduku kilichomwezesha mpigaji kuiga tabia ya mitambo ya namna hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Siku hizi wataalamu hupitisha mlio katika sanduku la kweli, huunasa kwa maikrofoni, na kompyuta huhifadhi jinsi sanduku lilivyoujibu. Katika nyumba ya ibada au ukumbi usio na kikuza sauti cha besi, uigaji huo ni msaada mkubwa. Bila huo besi husikika kama waya mtupu.

Hata hivyo, uigaji huu ni picha, na picha haipumui. Mpigaji wa umuduri, upinde wa muziki wa Rwanda, huisogeza kibuyu kifuani na kuiondoa, na sauti hufunguka na kufumba kwa kila pigo. Sanduku lake li hai mikononi mwake. Sanduku la kuigwa lilipigwa picha siku moja, katika chumba kimoja, maikrofoni ikiwa mahali pamoja. Aghalabu ni sanduku lililochaguliwa kwa muziki wa roki. Besi ya rumba na ya benga husema kwa silabi fupi, hunyamaza, kisha husema tena. Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, iliyochukua jina la milima hii hii na kupata sifa Nairobi katika miaka ya 1980, haikuhitaji mngurumo wa kujaza kila pengo. Kituo ni sehemu ya sentensi.

Tulipotaka kushauriana na kijana huyo, lugha ilitutega. Kamusi zetu hutaja “kipaza sauti” kwa maana ya maikrofoni na pia kwa maana ya spika, vyombo viwili vinavyofanya kazi zinazopingana! Yeye alitumia Kifaransa, Kiingereza na mikono. Mwishowe tulielewana kwa maneno ya kawaida: nene, kavu, ya pua, yenye mkwaruzo, iliyofumba mdomo.

Alizima uigaji, akapunguza sauti za chini, akapandisha zile za katikati, karibu na mitetemo 800 kwa sekunde, ambako besi hupata pua yake. Kipindi cha pili kilipoanza, noti zilisimama moja moja. Mpiga ngoma aligeuka kumtazama, na wachezaji wakapata mahali pa kuweka miguu. Kiongozi wa bendi hakusema neno, lakini mkono wa kushoto wa kinanda ulinyamaza.

Tulibaki na ugomvi mmoja. Mkwaruzo wa pedali aliuacha, akisema bila huo sauti ni ya wazee. Tulimjibu kwamba wazee hao walijua kunyamaza. Alicheka, na katika wimbo wa mwisho akauongeza.