Tuta Lililogeuka Bwawa

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka ghafla Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, yakaikumba Kamuchiri watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 50 walikufa. Habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Wizara ya maji ikasahihisha: lililopasuka si bwawa, ni tuta la reli ya zamani. Chini ya tuta hilo palikuwa na njia ya kupitishia maji ya korongo. Magogo, mawe na udongo viliiziba, maji yakajaa nyuma ya tuta, na tuta likaachia.

Wengi waliyapokea masahihisho hayo kana kwamba yamepunguza uzito wa jambo, kwamba afadhali halikuwa bwawa. Kwangu yaliuongeza. Bwawa lina mchoro, lina mwenyewe, na mahali penye utaratibu mzuri lina mkaguzi. Tuta la reli au la barabara lina mchoro wa kubeba gari moshi au malori. Mchoro wa kuzuia maji halina. Likishajaa maji upande wa juu linafanya kazi ya bwawa kwa mwili ambao haukuandaliwa kwa kazi hiyo.

Naandika nikiwa Kibagabaga, wilaya ya Gasabo, Kigali, kwenye mji wa milima ambako barabara nyingi zinashuka bondeni, zinavuka juu ya tuta, kisha zinapanda upande wa pili. Chini ya tuta kuna kalavati. Kiangazi unaweza kupita juu yake kila siku usijue ipo. Kwa hiyo nitalichambua suala hili kwa hesabu za bonde la mfano, lenye ukubwa unaofanana na mabonde yetu.

Tuchukue mteremko wa hekta 50 unaomwaga maji yake kwenye kalavati moja. Mvua kubwa ya masika, tuseme milimita 60 kwa saa. Zamani mteremko ule ulipokuwa mashamba ya maharage na migomba, karibu asilimia 30 tu ya mvua ndiyo iliyotiririka. Iliyobaki ilizama ardhini. Hapo kalavati ilipokea kama mita za ujazo 2.5 kwa sekunde. Weka sasa mabati, lami, mawe ya kupangwa na nyua za saruji, kama ilivyotokea kwenye sehemu kubwa ya milima ya Kigali. Asilimia 80 ya mvua inatiririka. Mvua ni ileile, mteremko ni uleule, lakini mlangoni pa kalavati zinafika karibu mita za ujazo 6.7 kwa sekunde.

Bomba la kipenyo cha mita moja, maji yakiwa yamesimama mita moja juu ya katikati ya mdomo wake, linapitisha takriban mita za ujazo 2 kwa sekunde. Kwa mashamba ya zamani lilikaribia kutosha. Kwa mji wa leo zinabaki zaidi ya mita za ujazo 4 kila sekunde ambazo hazina pa kwenda isipokuwa kupanda ukutani mwa tuta. Na hapa ndipo penye hila ya maji ambayo wajenzi wengi wa barabara hawaipi uzito: kasi ya maji bombani hufuata kipeuo cha pili cha kina. Ukitaka bomba lilelile lipitishe mara mbili, kina kiwe mara nne. Ili lipitishe zile 6.7 zote, maji yangepaswa kusimama zaidi ya mita 10 juu yake. Tuta la barabara ya mtaa halifiki huko. Maji yatapita juu ya lami kabla.

Hesabu hiyo yote inachukulia kwamba mdomo wa kalavati uko wazi. Mvua inayoleta maji mengi ndiyo hiyo hiyo inayong'oa migomba, inayobeba matawi ya mikaratusi, chupa za plastiki na mbao za ujenzi ulioachwa njiani. Gogo moja likikaa mshazari mlangoni, vitu vidogo vinajipanga nyuma yake, na baada ya muda mfupi mdomo unakuwa ukuta. Mai Mahiu ilikuwa hivyo. Mhandisi anayepima ukubwa wa kalavati kwa maji matupu anapima kitu ambacho hakitokei siku ya hatari.

Sasa maji yamefika juu. Tuta la udongo halianguki kwa kusukumwa, kama wengi wanavyodhani. Linaliwa. Maji yanayovuka mgongo wa tuta yanashika kasi kwenye mteremko wa upande wa chini, na mahali yanapogonga kwa nguvu zaidi ni mguuni. Hapo majani yanang'oka kwanza, kisha kinachimbika kishimo, kisha kishimo kinakuwa ngazi yenye ukuta wima. Ukuta huo unaporomoka kipande kwa kipande na ngazi inarudi nyuma, inapanda kuelekea barabarani. Kwa muda wote huo mtu aliyesimama upande wa juu haoni chochote cha kutisha. Anaona maji yakipita juu ya lami kwa kina cha kifundo cha mguu. Ngazi ikishafika ukingo wa juu, mgongo wa tuta unashuka, na kila unaposhuka maji yanapita mengi zaidi, kwa sababu mtiririko juu ya kizingiti huongezeka haraka kuliko kina: kina kikiongezeka mara nne, mtiririko huongezeka mara nane. Kutoka hapo hakuna mtu wala mashine inayoweza kulizuia.

Njia ya pili ya kufa kwa tuta haionekani kabisa, nayo hupenda kuanzia kwenye bomba lenyewe. Udongo ulio chini ya tumbo la bomba ni mgumu kushindilia, mashine haifiki. Maji yanapata mwanya pembeni mwa bomba, yanabeba chembe ya udongo, mwanya unapanuka. Dalili yake ni rangi. Maji safi yanayojipenyeza mguuni mwa tuta yanaweza kuvumilika. Maji ya tope maana yake tuta linatoka nje kidogo kidogo. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 93 na lilikuwa jipya kabisa. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka upande wa chini. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi zaidi kama wito wa kuhama usingetolewa mchana watu wakiwa macho.

Swali linalofuata ni kiasi gani cha maji kinashuka. Mwaka 1995 mtafiti David Froehlich alikusanya takwimu za mabwawa 22 ya udongo na mawe yaliyokwisha kupasuka, akatengeneza kanuni inayokadiria kilele cha mtiririko kwa vitu viwili tu: ujazo wa maji na kimo chake juu ya sakafu ya pengo. Si kanuni ya usahihi wa senti. Matukio halisi huachana nayo kwa kiasi kikubwa. Lakini inafundisha jambo. Chukua lambo lenye mita za ujazo 100,000 na kimo cha maji cha mita 10. Kanuni inatoa kilele cha kama mita za ujazo 315 kwa sekunde. Kwa mwendo huo maji yote yangekwisha kwa dakika tano na ushei. Sasa punguza ujazo uwe nusu, kimo kibaki kilekile: kilele kinashuka hadi kama 257, yaani hata robo haikupungua. Rudisha ujazo, upunguze kimo kiwe mita 5: kilele kinaporomoka hadi 133 hivi.

Kimo ndicho kinachoua. Maji machache yaliyosimamishwa juu ni hatari kuliko mengi yaliyotandazwa chini, na korongo la mlimani, jembamba na refu, linatengeneza hali hiyo ya kwanza. Kwa kuangalia ujazo peke yake mtu ataliita lambo dogo na kuliacha.

Ndivyo orodha zetu zilivyopangwa. Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa inahesabu bwawa kuwa kubwa likifika mita 15, au likiwa kati ya mita 5 na 15 na kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Mipaka hiyo ina kazi yake, lakini watu wa Solai hawakuuawa na bwawa la kufua umeme. Jioni ya tarehe 9 Mei 2018, kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, bwawa la Patel lilipasuka baada ya majuma ya mvua na kuua watu 48. Lilikuwa bwawa la udongo la shamba binafsi, mlimani, juu ya makazi ya watu, na mamlaka ya rasilimali za maji ilisema halikuwa na kibali. Miaka sita baadaye, Mai Mahiu, tuta lililoua halikuwa hata kwenye kundi la vitu vinavyoombewa kibali cha bwawa.

Rwanda nayo ina kumbukumbu yake. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua iliua zaidi ya watu 130, wengi wao Mkoa wa Magharibi, na mto Sebeya ukafurika Rubavu. Bonde la mto huo lina bwawa la kupunguza mafuriko. Mabwawa ya aina hiyo hukaa yakiwa matupu au karibu matupu: koo la chini liko wazi, mvua kubwa ikija maji yanajaa nyuma yake kwa saa kadhaa kisha yanatoka polepole. Kwa umbo ni ndugu wa tuta la barabara lenye kalavati. Tofauti iko kwenye mambo matatu ambayo mjenzi wa bwawa huyawekea fedha: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, kichujio cha mchanga kuzunguka bomba ili chembe zisitoroke, na njia ya mawe au zege ya kumwagia maji ya ziada pembeni, mbali na mwili wa tuta.

Sisemi kila tuta la mtaa lijengwe kama bwawa. Fedha hizo hazipo. Kinachowezekana ni kuchagua mahali maji yatakapovuka. Barabara inaposhuka bondeni, acha sehemu moja iwe chini kidogo kuliko kwingine, iweke kwenye ardhi ya asili ukingoni badala ya katikati ya tuta, na uipige mawe na saruji mpaka mguuni. Upande wa juu, hatua chache kabla ya kalavati, simika nguzo nene za kukamata magogo, zikae mbali kiasi kwamba zikiziba maji bado yapate kupita pembeni. Bomba la pili liwekwe juu zaidi ya la kwanza, si sambamba nalo, ili uchafu unaoziba la chini usizibe yote mawili.

Umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, tayari unatoa watu wenye majembe kwenye mitaro. Kazi ya kuzibua mdomo wa kalavati wanaifanya. Ningependa waongeze kushuka upande wa pili, mguuni mwa tuta, ambako karibu hakuna anayekwenda, waangalie mambo mawili: kama mwisho wa bomba unaning'inia hewani kwa sababu udongo wa chini umeliwa, na kama pembeni mwa bomba panatoka maji wakati mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Wayakinge kwenye chupa angavu, wayaache yatulie, watazame kama kuna tope lililotuama chini. Likiwapo, barabara hiyo ifungwe kwa malori siku hiyo hiyo, na walio bondeni waambiwe kabla ya mvua inayofuata.