Nani Msafirishaji? Maoni Juu ya Istilahi za Usafiri wa Kuita

Miezi michache iliyopita tuliletewa tangazo la halmashauri moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, ili tulitazame Kiswahili chake kabla halijabandikwa upya. Lilihusu pikipiki za abiria. Katika aya ya kwanza mtu anayeendesha pikipiki aliitwa afisa usafirishaji. Katika ya pili aliitwa bodaboda. Na katika ya tatu, iliyohusu fidia ya abiria aliyeumia, alitajwa msafirishaji, ila hapo haikueleweka kama huyo ni mwendeshaji au ni mwenye pikipiki. Tahajia ilikuwa safi na upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari. Hata hivyo abiria aliyevunjika mguu asingeweza kujua kutoka katika tangazo lile amdai nani.

Kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu makarani wa halmashauri wamekuwa wakizifasiri kila mmoja kwa namna yake. Jambo hilo lingeweza kuvumiliwa zamani. Lakini tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno lililotumiwa ovyo katika tangazo laweza kufika mbele ya hakimu likiwa ndilo neno lenyewe la kuamulia.

Tuanze na teksi mtandao, istilahi inayotumiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 mahali pa SUMATRA. Wako waliotulalamikia kwamba nomino mbili zimewekwa sambamba bila kiunganishi. Lalamiko hili hatulikubali. Lugha yetu ina askari kanzu na bata mzinga, wala hakuna aliyewahi kudai askari wa kanzu. Udhaifu wa istilahi hii hauko katika sarufi, uko katika mipaka ya maana yake.

Chukua mji wa Chunya. Hapo mchimbaji anayetaka kwenda Itumbi au Matundasi alfajiri hasimami barabarani kupunga mkono. Anampigia simu mwendeshaji anayemfahamu, naye anamfuata mlangoni. Bei wanapatana wenyewe. Sasa, kwa Mtanzania wa kawaida mtandao ni nini? Ni intaneti, ndiyo, lakini pia ni kampuni ya simu, na ni mawimbi ya simu yenyewe: husemwa kwamba huku hakuna mtandao, kwamba mtandao unasumbua. Mwandishi wa sheria ndogo akiandika kwamba kila mtoa huduma za usafiri kwa njia ya mtandao sharti awe na leseni ya pekee, amemkamata mwendeshaji wa Chunya pamoja na kampuni yenye maelfu ya madereva, ilhali kanuni zilimkusudia yule wa pili, ambaye programu yake ndiyo inayopanga nauli, kumchagua dereva na kukata kamisheni.

Tulijaribu mbadala. Usafiri wa kuagiza haufai, kwa sababu kuagiza gari kwetu ni kulileta kutoka Japani. Usafiri wa wito unanukia mahakama. Usafiri wa kukodi hautofautishi kitu, maana teksi zote ni za kukodi. Usafiri wa kuita ni mzuri kwa mazungumzo, na tumeutumia katika kichwa cha makala hii, lakini nao unamwingiza mtu wa Chunya. Kwa hiyo twashauri teksi mtandao libaki, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, ila kila sheria ndogo ilifafanue mwanzoni kuwa ni usafiri unaoitwa kwa programu inayopanga nauli na kumgawia dereva abiria. Mwenye programu aitwe mwendesha mfumo.

Tunapinga kwa nguvu zaidi neno mshirika. Kampuni za programu humwita dereva kwa neno la Kiingereza ambalo wafasiri wetu wameligeuza kuwa mshirika bila kusita. Mshirika, katika Kiswahili cha biashara, ni mtu wa ubia, mwenye fungu katika faida na hasara. Katika vyama vya ushirika ni mwanachama mwenye kura. Uber ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, na Aprili mwaka huohuo Uber ikasimamisha huduma zake. Kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25 ikarejea mwanzoni mwa 2023. Katika majadiliano yote hayo swali lilikuwa kampuni imkate dereva kiasi gani. Mshirika hakatwi, mshirika hugawana.

Wala tusikimbilie kumwita mwajiriwa. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri lile walikuwa na haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Sheria ya huko ina daraja tatu: mwajiriwa kamili, mtu anayejitegemea, na kati yao mfanyakazi asiye mwajiriwa, na hapo katikati ndipo madereva walipowekwa. Mfasiri anayetumia mfanyakazi na mwajiriwa kama visawe hawezi kuieleza hukumu ile hata kidogo. Neno dereva linatosha mpaka sheria yetu iseme zaidi.

Twarudi kwa afisa usafirishaji. Tunajua jina hili lilipendwa kwa sababu ya heshima, na vijana waliochoka kuitwa majina ya dharau wana haki ya kulifurahia. Waitwe hivyo mikutanoni. Lakini katika utumishi wa umma afisa usafirishaji ni cheo, tena chenye madaraka, na sheria haiwezi kumpa mtu cheo kwa adabu tu.

Vijiweni tayari kuna msamiati unaotofautisha wahusika vizuri kuliko tangazo lile. Mwenye pikipiki ni tajiri, matumizi ambayo wazee watayatambua, kwani tajiri aliwahi kuwa na maana ya mwajiri. Hesabu ni fedha anayopelekewa kila siku. Mkataba, kwa watu hawa, si mapatano yoyote, bali ni yale ambayo mwendeshaji akishalipa kiasi walichokubaliana pikipiki inakuwa yake. Deiwaka ni yule anayeshika chombo kwa saa chache mwenyewe akipumzika. Kubeba abiria wawili au zaidi kwa pamoja ni mishikaki, neno ambalo tungelipokea katika kamusi leo.

Tulipolirudisha tangazo tuliandika mmiliki, mwendeshaji, na mwenye leseni, kila mmoja mahali pake, na msafirishaji tukamfafanua kuwa ni mwenye leseni peke yake. Tulijibiwa kwa barua swali moja: ikiwa aliyeshika pikipiki wakati wa ajali ni deiwaka, aandikwe nani? Tumependekeza mwendeshaji wa muda. Shauri hilo liko mbele ya kamati ya istilahi, na maoni ya wasomaji walio karibu na vijiwe yatapokelewa.